Vidole viwili chini ya bawa

Jairo imewafanya warushaji wengi wa ndege za rimoti waamini kwamba ndege hujisawazisha yenyewe angani. Ushahidi wa karne moja na nusu unaonyesha kuwa kazi hiyo humalizwa mezani.

Ndege ya sponji yenye mabawa ya mita moja na nusu iko mezani, betri ndani, kifuniko kimefungwa. Mwenyewe anaweka ncha ya kidole kimoja chini ya kila bawa, karibu na kiwiliwili, kisha anaiinua kidogo. Mkia unashuka taratibu hadi unagusa meza. Kwa macho hakuna kasoro: rangi inang'aa, mota inazunguka, eleroni, vibao vya ukingo wa nyuma wa mabawa, zinaitika kila rimoti inapoguswa. Hata hivyo, ndege hiyo ikirushwa ilivyo, yatakayofuata yanajulikana tangu sasa. Itaondoka ardhini mapema kuliko ilivyotarajiwa na pua itapanda. Rubani atasukuma kijiti mbele, pua itashuka kupita kiasi. Atakivuta nyuma, nayo itapanda kuliko mara ya kwanza. Katika wimbi la pili au la tatu bawa litakosa hewa ya kulibeba, na ndege itaanguka kwa ubavu kabla aliyeshika rimoti hajatambua kosa liko wapi.

Swali linalowagawa warushaji wa ndege hizi ni kama ukaguzi huo wa vidole viwili bado una maana. Upande mmoja unaona umepitwa na wakati. Ndege nyingi leo hununuliwa zikiwa karibu kamili ndani ya boksi, mahali pa kitovu cha uzito, nukta ambapo ndege hukaa sawa juu ya vidole, pameshaonyeshwa kiwandani, na ndani ya risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti, mna jairo, kidude kidogo kinachohisi ndege inavyoyumba na kuziamuru sevo, yaani mota ndogo zinazosogeza vibao vya mkia na mabawa, ziirudishe, mara nyingi kwa kila sekunde. Upande wa pili ni wa waliojifunza kwa ndege za mbao za balsa, ambao hawarushi kitu kisichopimwa. Makala haya yako upande wa pili, na sababu si heshima kwa mazoea ya wazee. Jairo na mizani ni vitu viwili vyenye kazi mbili, na kimoja hakiwezi kushika nafasi ya mwenzake.

Somo la gramu 16

Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries jijini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud aliachia hewani kidude cha gramu 16, chenye mabawa ya sentimita 45 na rafadha iliyozungushwa na mpira uliosokotwa. Kiliruka kama mita 40 kwa sekunde 11, bila mkono wa mtu kukisahihisha njiani. Mabawa yalikuwa yametengenezwa na wengi kabla yake; alichokileta Pénaud ni mpangilio. Nyuma aliweka bawa dogo la mkia, lililoelekezwa chini kidogo kuliko bawa kubwa, na uzito akaupanga ushirikiane nalo. Katika mpangilio huo pua ikiinuka, hewa huunyanyua mkia na pua hurudi chini; pua ikizama, mkia husukumwa chini na pua hupanda tena. Mshale wa mwindaji una ujamaa na kanuni hiyo: chuma mbele, manyoya nyuma. Ukiupindua mshale ukautanguliza kwa manyoya, utageuka hewani wenyewe.

Miaka 33 baadaye ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa bado wanalipa gharama ya mpangilio mbaya. Ndege yao iliyoruka sekunde 12 katika safari yake ya kwanza, tarehe 17 Desemba 1903, ilikuwa na kiongozi cha kupandisha na kushusha pua upande wa mbele, na kitovu chake cha uzito kilikaa nyuma mno. Ilikwenda kwa mawimbi, ikipanda na kushuka. Mwaka 1904, katika malisho ya Huffman karibu na Dayton, Ohio, walijaribu kwanza kusogeza uzito nyuma zaidi, hali ikazidi kuwa mbaya. Kisha wakafunga mbele vyuma vya ratili 70, karibu kilo 32, na ndege ikaanza kutulia. Nahodha wa jahazi angeielewa dawa hiyo bila kuelezwa. Chombo kisicho na shehena hutiwa farumi ili kikae sawa majini, na farumi iliyorundikwa tezi wakati inatakiwa omo hukiharibia chombo mwendo wote.

Hesabu ya milimita

Tuchukue ndege ya kujifunzia yenye uzito wa gramu 1,500 na bawa la mstatili lenye upana wa sentimita 25 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kwa ndege za aina hii kitovu cha uzito hutakiwa kiwe kati ya asilimia 25 na 33 ya upana huo, yaani milimita 62 hadi 82 kutoka ukingo wa mbele. Mipaka hiyo haikuokotwa. Kila ndege ina nukta moja, inayotokana na ukubwa wa bawa, ukubwa wa mkia na umbali kati yake, ambapo mabadiliko ya nguvu ya hewa hujikusanya pua inapoinuka au kushuka. Uzito ukikaa mbele ya nukta hiyo, ndege ikiyumbishwa na upepo hurudi yenyewe. Uzito ukikaa juu yake, ndege hubaki popote ilipoelekezwa. Ukivuka nyuma yake, kila yumbo dogo huzaa kubwa zaidi. Tuseme nukta hiyo iko milimita 105 katika ndege yetu, na kitovu cha uzito kiko milimita 75. Akiba ya usalama ni milimita 30, urefu wa kifundo cha kidole gumba.

Sasa mkia uvunjike, ugundishwe kwa gundi na kipande cha mbao, na ukarabati uongeze gramu 20. Ni uzito wa vijiko vichache vya sukari, na mkononi hausikiki. Lakini uko sentimita 70 nyuma ya kitovu, na hesabu ya uzito kwa umbali haina huruma: kitovu kinarudi nyuma milimita tisa, karibu theluthi ya akiba yote. Kuirudisha kwa risasi iliyobandikwa puani, sentimita 25 mbele ya kitovu, kunahitaji gramu 56, kwa hiyo ukarabati wa gramu 20 unaishia kuwa mzigo wa gramu 76. Betri ya gramu 200 ikisogezwa mbele sentimita saba hufuta kosa hilohilo bila kuongeza chochote. Ndiyo maana fundi makini huacha nafasi ya betri kutembea mbele na nyuma, na hufikia risasi pale tu nafasi hiyo inapokwisha.

> Gramu 20 za gundi mkiani zinaweza kudai gramu 56 za risasi puani.

Upimaji wenyewe una masharti machache, na anayeyaruka hupima ndege isiyokuwepo. Ndege ya umeme hupimwa betri ikiwa ndani, mahali itakapokaa angani. Ndege ya mafuta, ambayo tangi lake kwa kawaida huwa mbele ya kitovu, hupimwa tangi likiwa tupu, kwa sababu mafuta yanapoisha pua hupungua uzito na ndege inatakiwa iwe salama hata wakati huo. Yenye bawa chini ya kiwiliwili hupinduliwa tumbo juu, ili isivirukie vidole. Usawa wa kulia na kushoto nao hutazamwa: ndege hushikwa puani na mkiani, bawa linaloshuka kila mara ndilo zito, na kipande kidogo cha risasi kwenye ncha ya pili huondoa tabia ya kulalia upande mmoja.

Jairo haijui uzito uko wapi

Hoja ya upande wa jairo si ya kupuuzwa. Kidude hiki kimewawezesha wanaoanza kuruka siku yenye upepo ambao zamani ungewarudisha nyumbani, na hurudisha bawa lililoyumba kabla jicho halijaona. Wapo pia wanaotoa mfano mzito: ndege ya kivita ya F-16, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1974, iliundwa makusudi iwe na utulivu mdogo ili igeuke haraka, na kompyuta ndiyo inayoizuia isimtoroke rubani. Kama kompyuta inaweza kubeba ndege ya tani kadhaa, wanauliza, itashindwaje na ya kilo moja na nusu?

Jibu liko ndani ya mfano huohuo. Walioiunda F-16 walijua kitovu chake cha uzito kiko wapi katika kila hali ya mafuta na silaha, wakaunda mkia mkubwa na wenye nguvu ya kutosha kufanya kazi ambayo kompyuta ingeidai. Aliyeacha kupima hajui kitovu chake kiko wapi hata kwa hali moja. Jairo haipimi uzito. Inahisi mzunguko tu, na chombo chake pekee cha kusahihisha ni vibao vilevile vya mkia na mabawa ambavyo rubani anavitumia. Vibao hivyo vinategemea kasi ya hewa. Ndege iliyopunguza mwendo ili itue, au iliyotoka mkononi sasa hivi, inapitisha hewa kidogo mkiani, na amri ya jairo, hata ikitolewa mara mia kwa sekunde, inafika kwenye ubao usio na nguvu. Tena kila milimita ya eleveta, kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha pua, ambayo jairo inaitumia kuishikilia pua chini ni milimita iliyotolewa kwenye akiba ya rubani. Kama eleveta inashuka milimita 12 kwa jumla na nane zimeshatumika kuficha mkia mzito, zimebaki nne za kukabili upepo.

Kuficha ndilo neno lenyewe. Ndege yenye mkia mzito ikiruka jairo imewashwa huonekana njema, na mwenyewe hupata imani ambayo haikujengwa juu ya kitu. Siku jairo ikizimwa, au rubani akiirusha polepole kuliko kawaida, kosa lililokuwa limefunikwa hutoka lote kwa pamoja. Kuna pia hatari nyingine ambayo wanaoiamini jairo huisahau: ikiwekwa kinyume, au mpangilio wake ukibadilishwa kimakosa, husukuma upande usiofaa na kuukuza kila myumbo. Hilo pia hugunduliwa mezani. Ndege huinuliwa pua kwa mkono, na eleveta inapaswa ishuke yenyewe. Bawa la kulia likishushwa, eleroni ya kulia inapaswa ishuke ili kulinyanyua. Isipokuwa hivyo, ndege hiyo hairushwi.

> Jairo inahisi mzunguko. Haijui betri imekaa wapi wala mkia umeongezwa gramu ngapi.

Charlotte, Januari 2003

Anayeona haya ni mambo ya wachezaji wa ndege ndogo atazame yaliyotokea uwanja wa ndege wa Charlotte, North Carolina, tarehe 8 Januari 2003. Ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900D iliondoka ikiwa na watu 21. Mara baada ya kuacha ardhi pua ilianza kupanda, marubani wakasukuma usukani mbele kwa nguvu zao zote, pua ikaendelea kupanda hadi ndege ikapoteza mbebo na kuanguka uwanjani hapohapo. Hakuna aliyepona. Wachunguzi wa ajali wa Marekani walikuta makosa mawili yaliyokutana. La kwanza, ndege ilikuwa imezidisha uzito na kitovu chake kilikuwa nyuma ya mpaka unaoruhusiwa, kwa sababu mahesabu yalitumia wastani wa uzito wa abiria na mizigo ambao haukulingana tena na watu halisi. Baadaye wastani huo ulipandishwa. La pili, siku chache kabla, katika matengenezo, nyaya za eleveta zilifungwa vibaya na hatua kadhaa za kurekebisha zikarukwa, hivyo uwezo wa kushusha pua ukapungua takriban nusu.

Ndege hiyo ilikuwa imesharuka safari kadhaa tangu matengenezo hayo. Eleveta iliyobanwa ilitosha kwa mzigo mwepesi. Mkia mzito peke yake pengine ungeweza kudhibitiwa kwa eleveta kamili. Mawili yalipokutana, marubani hawakubakiwa na kitu cha kusukuma. Ndiyo maana mizani na upimaji wa mwendo wa vibao haviwezi kutenganishwa mezani: cha kwanza huamua msaada utahitajika kiasi gani, cha pili huamua msaada huo upo.

Sevo, waya na mita 30

Katika ndege ya rimoti, kazi ya waya wa Charlotte hufanywa na sevo na kijiti chembamba cha chuma. Kabla ya lolote rafadha huondolewa, kwa maana mota ya umeme haitoi onyo inapoamka. Rimoti huwashwa kwanza, ndege baadaye. Wakati wa kuzima, ndege ndiyo hutangulia. Sevo huachwa ikae katikati yake ndipo mkono wake ufungwe kwa pembe mraba na kijiti. Tundu la karibu na kitovu cha sevo hupunguza mwendo wa ubao, la mbali huuongeza, na marekebisho makubwa yafanywe hapo, kwa chuma, kuliko kuachiwa programu ya rimoti. Kisha rubani husimama nyuma ya ndege: kijiti kulia, eleroni ya kulia ipande, kijiti nyuma, eleveta ipande. Ni ukaguzi wa sekunde kumi, na eleroni zilizowekwa kinyume huangusha ndege nzuri katika kona ya kwanza.

Mawasiliano nayo yamebadilika kwa faida ya wote. Enzi za megahezi 35 za Uingereza na 72 za Marekani, watu wawili wakitumia chaneli moja kwenye kiwanja kimoja mmoja alipoteza ndege, na vilabu viligawa chaneli kwa vibanio vya nguo. Mfumo wa gigahezi 2.4, ulioenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, umeondoa shida hiyo. Haukuondoa haja ya kupima: rimoti huwekwa kwenye nguvu ndogo, mtu hutembea kama mita 30, na vibao vinapaswa viendelee kuitika bila kusita. Rimoti ikizimwa kwa makusudi huku ndege imeshikwa imara, mota inapaswa isimame yenyewe.

Pua nzito nayo ina gharama yake

Kuna wanaokubali yote haya kisha wakaangukia kosa la pili. Kwa kuwa mkia mzito unaua, wanasema, jaza risasi puani ulale salama. Si hivyo. Pua nzito hulazimisha mkia usukume chini muda wote, na bawa linalazimika kubeba uzito wa ndege pamoja na msukumo huo, hivyo kasi ambayo bawa hupoteza mbebo hupanda. Wakati wa kutua, rubani huvuta eleveta yote na pua bado haiinuki, gurudumu la mbele hupiga ardhi na kuvunjika. Lililo kweli ni kwamba makosa haya mawili hayana uzito sawa. Ndege yenye pua nzito kiasi humpa rubani nafasi ya kuirudisha chini na kusogeza betri, na kwa sababu hiyo safari ya kwanza hufanywa kitovu kikiwa karibu na mpaka wa mbele.

Marubani wa michezo ya anga na wa ndege zisizo na mota hupinga kwa kusema wao husogeza kitovu nyuma ili ndege igeuke kwa wepesi au iteleze mbali zaidi. Ni kweli, na wanajua wanachofanya. Lakini huanza kwenye mahali palipopimwa na kusogea milimita mbili tatu kwa siku, wakirusha na kusikiliza. Hoja yao inaunga mkono kipimo kuliko kukipinga.

Mfano mkubwa kuliko yote wa thamani ya kupanga uzito ni wa Maynard Hill, Mmarekani aliyekuwa karibu kipofu na mwenye miaka 77, ambaye mwezi Agosti 2003, baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindwa, timu yake ilivusha Bahari ya Atlantiki ndege ya balsa iliyokuwa na uzito usiofikia kilo tano pamoja na mafuta. Iliondoka Cape Spear, Newfoundland, ikatua Ayalandi baada ya saa 38 na dakika 52, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000. Ndani mlikuwa na kiendeshi cha kielektroniki kilichoongozwa na setilaiti. Sehemu kubwa ya uzito wa kuondokea ilikuwa mafuta, na yaliteketea karibu yote njiani. Katika chombo cha namna hiyo, elektroniki haimwondolei fundi kazi ya kupanga uzito. Humwongezea, kwa kuwa kwa karibu siku mbili hakuna mkono wa mtu wa kurekebisha.

Kutoka kiwanja cha michezo hadi ramani ya Unguja

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulijali jambo hili. Kuanzia mwaka 2016 mradi wa kupiga picha visiwa vya Zanzibar kutoka angani ulitumia ndege ndogo zenye mabawa, aina ya eBee, za gramu 700 hivi na upana wa sentimita 96, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuzirusha. Ndege hizo hazina mkia, na ndege isiyo na mkia ina nafasi finyu zaidi ya makosa ya uzito. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Rwanda ilianza kusafirisha damu kwa ndege zisizo na rubani, na kifurushi hukaa tumboni, si mkiani, kwa hiyo kinapodondoshwa ndege haibadiliki mizani ghafla. Vijana watakaotengeneza vyombo kama hivi wataanzia kwenye sponji, gundi na betri.

Hoja ya mwisho ya upinzani ni ya bei: sponji ni rahisi, ikianguka hugundishwa. Ila ndege yetu ya gramu 1,500 ikienda kilomita 60 kwa saa ina nguvu sawa na ya kitu cha uzito huo kilichoangushwa kutoka mita 14, juu ya paa la jengo la ghorofa nne. Viwanja vyetu vya wazi havikosi watoto waliokuja kutazama. Betri ya lithiamu iliyotobolewa inaweza kuwaka moto. Nchini Kenya na Tanzania vyombo visivyo na rubani viko chini ya mamlaka za usafiri wa anga, KCAA na TCAA, na vibali vyao ni vya lazima, lakini kibali hakionyeshi betri imefungwa wapi.

Baada ya meza ndipo hewa huulizwa. Ndege hupandishwa juu, hurekebishwa hadi iende sawa mikono ikiachia vijiti, kisha mota hupunguzwa na pua huelekezwa chini kwa upole. Ikijiinua kwa haraka, kitovu kiko mbele kuliko inavyohitajika. Ikiinuka polepole, kiko karibu na panapofaa. Ikizidi kuzama, hushushwa mara moja kwa uangalifu na betri husogezwa mbele kabla ya safari nyingine. Kati ya safari na safari betri husogea milimita tatu hadi tano, si zaidi, na mahali palipopatikana huchorwa mstari wa kalamu ndani ya kiwiliwili. Betri mpya ikiwa nzito kwa gramu 40 kuliko ya zamani, mstari ule haufai tena. Mwingine huchorwa kando yake, na uzito wa betri inayohusika huandikwa juu yake.